Isotopu za kaboni na oksijeni katika miamba ya kale ya chokaa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wanaoniuliza maswali haya ni wa aina tatu: wanafunzi wa jiolojia walio katikati ya tasnifu, walimu wa kemia wa sekondari, na watu wenye kipande cha jiwe mkononi na matumaini moyoni. Nimeyapanga kuanzia ya msingi hadi yale ya pembeni. Ukiona nimetaja swali kwa namba, limo humu humu.

## Misingi

1. Isotopu ni nini, kwa lugha ya kawaida?

Ni ndugu wa elementi moja waliopishana uzito. Kila atomu ya kaboni ina protoni 6. Ikiwa nazo zaidi au pungufu, hiyo si kaboni tena. Kinachoweza kubadilika ni idadi ya nyutroni. Kaboni-12 ina nyutroni 6 nayo ni karibu asilimia 98.9 ya kaboni yote ya asili. Kaboni-13 ina nyutroni 7 na huchukua ile asilimia 1.1 iliyobaki. Kwa oksijeni, oksijeni-16 ni asilimia 99.76 na oksijeni-18 ni karibu asilimia 0.2. Ipo pia oksijeni-17, ila ni kidogo mno na kwa kazi hii tunaiweka kando.

Ndugu hawa hufanya kemia ile ile, lakini yule mzito ni mzembe kidogo. Maji yanapopanda kuwa mvuke, jani linapovuta hewa, konokono wa baharini anapojenga ganda, mwepesi na mzito hawagawanywi sawasawa. Mwamba wa chokaa ni kalsiamu kabonati, kwa hiyo ndani yake mna kaboni na oksijeni pamoja, na kila moja imebeba alama ya mgawanyo huo tangu siku mwamba ulipojengeka.

2. Hii ndiyo ile kaboni ya kupimia umri wa mifupa?

Hapana. Ile ni kaboni-14, ambayo ina mionzi na hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 5,730 hivi. Ikishapita miaka elfu hamsini haijabaki ya kupima. Miamba tunayoizungumzia ina mamilioni na mabilioni ya miaka. Kaboni-13 haiozi, ilivyowekwa ndivyo inavyokaa, mradi mwamba wenyewe usichezewe (swali la 11). Kuhusu umri, tazama swali la 20.

3. Je, sampuli hizi zina mionzi hatari?

Hazina. Ni chokaa. Asidi ya maabara ndiyo ya kuogopa.

4. Ile δ kwenye majedwali ni nini, na kwa nini namba nyingine ni hasi?

Tofauti za isotopu ni ndogo sana, hivyo hakuna anayeandika asilimia kamili. Tunalinganisha uwiano wa nzito kwa nyepesi katika sampuli na uwiano huo katika kiwango kilichokubaliwa duniani, kisha tunaandika tofauti kwa sehemu za elfu, yaani ‰. Herufi δ, delta, ndiyo alama ya tofauti hiyo. δ13C ya +5‰ maana yake sampuli ina kaboni-13 nyingi kuliko kiwango kwa sehemu 5 katika elfu, ambayo ni nusu ya asilimia. Namba hasi si kosa wala upungufu wa kitu. Ni kwamba sampuli ni nyepesi kuliko kiwango.

Mwalimu mmoja aliwahi kuniambia darasa lake lilidhani −8 maana yake "hakuna oksijeni". Imo tele. Karibu nusu ya uzito wa chokaa ni oksijeni.

5. PDB na VPDB zinatofautianaje?

PDB, kile kiwango cha swali la 4, lilikuwa ganda la belemniti, mnyama wa baharini wa jamii ya ngisi, kutoka tabaka la Peedee huko South Carolina, Marekani. Ni la zama za Kretasia. Kundi la Harold Urey katika Chuo Kikuu cha Chicago lilisaga ganda hilo likalitumia kama kipimo chake, na kwa kuwa wengine walijilinganisha nalo, likawa sifuri ya dunia nzima. Halafu likaisha. Lilikuwa ganda tu, si mgodi.

Ndipo ikachukuliwa marumaru nyeupe iliyopewa jina NBS 19, ikakubaliwa kwamba thamani yake ni +1.95‰ kwa kaboni na −2.20‰ kwa oksijeni, na sifuri inayohesabiwa kutokana na hiyo ikaitwa VPDB. Hiyo nayo ikaisha, mrithi wake akawa IAEA-603. Kwa mwanafunzi, jambo la kushika ni moja: andika VPDB, na useme ni nyenzo gani zilizotumika kusawazisha mashine.

## Kaboni inasema nini

6. Kwa nini kaboni ya bahari ibadilike kabisa? Si bahari ni ile ile?

Chukua sahani ya ugali na maharage. Mahindi hufanya usanisinuru kwa njia moja na maharage kwa njia nyingine, hivyo ugali una δ13C ya karibu −12‰ na maharage karibu −26‰. Vyote viwili ni hasi, kwa sababu kila kinachofanya usanisinuru hupendelea kaboni-12. Mwani wa baharini ni hivyo hivyo, na kaboni yake huwa nyepesi kuliko ile iliyobaki majini kwa takriban 25‰.

Sasa fikiria mwani huo unakufa na kuzikwa kwenye tope la chini badala ya kuoza na kurudi majini. Kila unapozikwa, umeondoka na kaboni nyepesi. Maji yanabaki na nzito, na chokaa inayojengeka ndani ya maji hayo inakuwa nzito pia. Kwa maneno mengine, chokaa ni daftari la mauzo: kwa kutazama kilichobaki dukani unajua kiasi gani kimetoka.

Hesabu yake ni nyepesi kuliko watu wanavyodhani. Kaboni inayoingia baharini kutoka volkano na mmomonyoko ina wastani wa karibu −5‰. Chokaa ya bahari ya kawaida ni karibu 0‰. Tofauti kati ya chokaa na mabaki ya viumbe ni kama 25‰. Gawa 5 kwa 25, unapata 0.2: sehemu moja katika tano ya kaboni yote huzikwa kama mabaki ya viumbe, na nne kama chokaa. Shika hesabu hii, tutairudia mara mbili.

7. Lomagundi ni nini na kwa nini kila mtu anaitaja?

Lomagundi ni jina la zamani la wilaya iliyo kaskazini-magharibi ya Harare, Zimbabwe. Ni jina la chifu Nemakonde lililoharibiwa na masikio ya wakoloni. (Usilichanganye na Wamakonde wa Newala.) Ukifika mapango ya Chinhoyi, lile ziwa la buluu limo ndani ya miamba ya kundi hilo hilo.

Mwaka 1976 Manfred Schidlowski na wenzake walichapisha vipimo vya dolomiti za huko (dolomiti ni ndugu wa chokaa mwenye magnesiamu pia), na wastani wa kaboni ulikuwa karibu +9‰. Rudi kwenye hesabu ya swali la 6: toka −5 hadi +9 ni 14, gawa kwa 25 unapata 0.56. Yaani zaidi ya nusu ya kaboni yote ingekuwa inazikwa kama mabaki ya viumbe. Wenyewe walidhani ni jambo la bonde lile tu. Baadaye namba kama hizo zikajitokeza Norway, Scotland, Karelia ya Urusi na Gabon, zote katika miamba ya miaka kama bilioni 2.2 hadi 2.06 iliyopita.

Umuhimu wake ni huu. Kila kaboni ya kiumbe ikizikwa bila kuoza, oksijeni iliyotolewa wakati wa usanisinuru inabaki hewani. Na Lomagundi inafuata muda mfupi, kijiolojia, baada ya hewa ya dunia kupata oksijeni kwa mara ya kwanza. Ni rahisi kuunganisha nukta hizo mbili, na vitabu vingi vimeziunganisha. Wapo wanaopinga: wanasema namba kubwa zinatoka kwenye miamba ya maji mafupi ya pwani na madimbwi yenye chumvi, na kwamba bahari kuu huenda haikubadilika hivyo. Mimi naona hoja yao ina uzito, hasa kwa kuwa ni watu waliorudi kutazama mazingira ya kila tabaka badala ya kuchora namba tu.

8. Na ile ya Oman inayoitwa Shuram?

Hiyo ni kinyume chake. Katika tabaka la Shuram huko Oman, kaboni inaporomoka hadi karibu −12‰, halafu inapanda taratibu kupitia mamia ya mita za mwamba. Umri wake ni kama miaka milioni 574 hadi 567. Mporomoko unaofanana nao umo China kwenye Doushantuo, Australia kwenye Wonoka, na Marekani kwenye Johnnie. Wasomaji wetu wa Muscat, mnao mlangoni.

Tatizo ni kwamba hesabu yetu inakataa. Simamisha kabisa kuzika viumbe, gawio liwe sifuri, chokaa itashuka hadi −5‰, ambayo ndiyo kaboni inayoingia. Chini ya hapo hakuna pa kwenda. Ili kufika −12 lazima kaboni nyepesi nyingi itoke ghala jingine: ama mabaki ya kale yaliyounguzwa na oksijeni, ama methani, au namba yenyewe si ya bahari bali ni ya maji yaliyopita ndani ya mwamba baadaye (swali la 11). Kambi zote zina watu makini. Kinachowapa nguvu wanaosema ni ya kweli ni kurudiarudia kwake katika mabara tofauti. Kinachowapa nguvu wapinzani ni kwamba kaboni na oksijeni hushuka pamoja, dalili ambayo kwa kawaida humfanya mtu anyanyue nyusi.

9. Je, ni kweli dunia iliwahi kuganda yote, na isotopu zilithibitisha?

Zilikuwa sehemu ya ushahidi. Mwaka 1998 Paul Hoffman na wenzake watatu walichapisha vipimo vya kundi la Otavi, kaskazini mwa Namibia. Huko, juu kabisa ya mawe yaliyokokotwa na barafu, limekaa tabaka la chokaa na dolomiti kama kifuniko cha sufuria, na kaboni yake iko hadi karibu −5‰. Barafu katika nchi za joto, halafu chokaa papo hapo: hali hiyo peke yake inashangaza. Wao waliisoma −5 kama bahari ambayo uhai wake ulikuwa umedhoofika kwa mamilioni ya miaka. Sehemu hiyo ya hoja imejadiliwa sana tangu hapo. Kuganda kwenyewe, mara ya kwanza kuanzia miaka milioni 717 iliyopita na mara ya pili kukiisha miaka milioni 635 iliyopita, kunategemea zaidi mawe ya barafu na usumaku uliobaki ndani ya miamba kuliko isotopu.

## Oksijeni na joto

10. Jiwe linawezaje kuwa kipimajoto?

Kisa chenyewe ni kitamu. Mwaka 1946 Urey, aliyekwisha pata Nobel mwaka 1934 kwa kugundua hidrojeni nzito, alihadhiri Zurich, na Paul Niggli akamuuliza kama isotopu zingeweza kutenganisha chokaa ya bahari na ya maji baridi. Urey alipoketi kuhesabu aliona kwamba mgawanyo wa oksijeni kati ya maji na chokaa hutegemea joto. Maji yakiwa ya baridi, chokaa hushika oksijeni-18 zaidi. Yakiwa ya moto, hushika kidogo. Kwa ukubwa, badiliko la 1‰ ni kama nyuzi 4 za sentigredi.

Mwaka 1951 kundi lake lilikata belemniti moja ya zama za Jurasi kutoka kisiwa cha Skye, pete baada ya pete kama unavyokata kitunguu. Namba zilipanda na kushuka kwa mpangilio. Waliweza kusema mnyama yule alipitia kiangazi mara tatu na kipupwe mara nne baada ya utoto wake, akafa majira ya kuchipua akiwa na umri wa miaka minne hivi, katika maji ya wastani wa nyuzi 17.6. Mnyama wa zaidi ya miaka milioni 150 iliyopita! Nimelisimulia hili darasani mara nyingi na bado linanisisimua.

Lakini kuna mtego. Mlinganyo wa mwaka 1953 unasema joto = 16.5 − 4.3δ + 0.14δ², ambapo δ ni tofauti kati ya chokaa na maji yaliyoizaa. Tuseme ganda lina −2‰. Ukidhani maji yalikuwa 0‰, unapata nyuzi 25.7. Ukidhani dunia haikuwa na barafu kubwa, bahari ingekuwa karibu −1‰, kwa sababu barafu ya nchi kavu hufungia oksijeni nyepesi. Sasa δ ni −1 na joto ni 20.9. Ganda lile lile, mashine ile ile, na nyuzi karibu tano zimepotea kwa dhana moja. Nicholas Shackleton alionyesha mwaka 1967 kwamba sehemu kubwa ya kupanda na kushuka kwa oksijeni katika tope la bahari la enzi za barafu ilikuwa ni barafu yenyewe, kuliko joto.

## Je, jiwe limetunza siri?

11. Nasikia oksijeni "huharibika" kabla ya kaboni. Kwa nini?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na kama ungesoma jibu moja tu humu, soma hili. Adui ni maji ya mvua yanayopenya ardhini. Chokaa huyeyuka kidogo na kujijenga upya, na kila inapojijenga huchukua tabia ya maji yaliyopo.

Chukua kilo moja ya chokaa safi. Ndani yake mna gramu 480 za oksijeni na gramu 120 za kaboni. Sasa chukua lita moja ya maji magumu ya kisima, yale yanayoacha ukoko kwenye birika. Yana gramu 888 za oksijeni, kwa kuwa maji yenyewe ni oksijeni. Lakini kaboni iliyoyeyuka humo, tukichukua miligramu 200 za baikabonati kwa lita, ni kama miligramu 40 tu. Kwa hiyo zaidi kidogo ya nusu lita ya maji inaleta oksijeni sawa na yote iliyomo katika jiwe, ilhali kuleta kaboni sawa na ya jiwe kunahitaji lita 3,000. Jiwe litakuwa limeshasahau joto la bahari yake zamani kabla kaboni haijatikisika.

Ndiyo maana watu wa miamba ya zama za kale kabisa huzungumza kaboni kwa kujiamini na oksijeni kwa kunong'ona.

12. Nitajuaje kama jiwe langu limebadilika?

Hakuna kipimo kimoja. Anza na macho: kata kipande chembamba uone kwa hadubini kama tope laini la asili bado lipo au limegeuka fuwele kubwa zinazong'aa kama sukari. Pima manganizi na strontiamu. Maji ya ardhini huingiza ya kwanza na kuondoa ya pili, kwa hiyo uwiano mkubwa wa manganizi kwa strontiamu ni dalili mbaya. Mahali pa kuweka mpaka huwa panabishaniwa: wengine hukataa kila kilichozidi 2, wengine huvumilia hadi 10 kwa miamba ya kale. Oksijeni iliyo chini ya −10‰ nayo hunitia mashaka.

Kisha chora kaboni dhidi ya oksijeni. Zikipangana kwenye mstari mmoja kuelekea kona ya hasi na hasi, huenda maji ya mvua yenye hewa ya udongo yamepita hapo. Nasema huenda. Mstari peke yake haumtii mtu hatiani, na kutokuwepo kwake hakumsafishi.

13. Kwa nini udongo wa Kilwa na Lindi una sifa kubwa hivyo?

Kwa sababu unazuia maji. Kwa miaka mingi maganda ya foraminifera, viumbe wadogo kama chembe ya mchanga, yaliyochorongwa kutoka chini ya bahari yalikuwa yakisema kwamba bahari za tropiki za Kretasia na Eosini zilikuwa za baridi, hata katika nyakati ambazo nchi za ncha zilikuwa na misitu. Jambo halikuingia akilini. Kumbe maganda yale yalikuwa yamejijenga upya yakiwa kwenye sakafu ya bahari, katika maji ya baridi ya kina, na kunakili ubaridi wa huko.

Paul Pearson na wenzake walichukua foraminifera kutoka udongo wa mfinyanzi wa pwani ya Tanzania. Udongo huo umeyafunga maganda kama siagi ndani ya karatasi. Ukiyatazama kwa hadubini yanapitisha nuru kama kioo, wakati yale ya chini ya bahari ni meupe kama chaki. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2001, yalikuwa angalau nyuzi 28 hadi 32. Uchorongaji uliofuata Kilwa na Lindi umetoa pia mporomoko wa kaboni wa miaka milioni 56 iliyopita, wakati dunia ilipopata joto ghafla. Maana yake ni kwamba hapakuhitajika mashine mpya kutatua kitendawili. Palihitajika maganda bora.

14. Dolomiti na kalsiti zinaweza kuchorwa kwenye grafu moja?

Kalsiti ni madini ya chokaa ya kawaida. Kaboni, ndiyo, kwa uangalifu. Oksijeni, hapana, mpaka urekebishe. Dolomiti iliyojengeka katika maji na joto sawa na kalsiti huwa nzito kwa oksijeni kwa karibu 3‰, na hata marekebisho ya asidi maabara ni tofauti (swali la 17). Shambani, dondoshea asidi hafifu ya hidrokloriki: kalsiti hutoa povu palepale, dolomiti hunyamaza mpaka uikwangue iwe unga.

15. Marumaru je? Nina sampuli za ukanda wa Msumbiji.

Marumaru ni chokaa iliyopikwa. Ikipikwa pamoja na mchanga, hutoa hewa ya ukaa iliyo nzito, na kinachobaki kinakuwa chepesi kwa kaboni na oksijeni. Ikiwa pembeni kuna kinywe, yaani kaboni ya viumbe wa kale iliyogeuka madini, hizo mbili hubadilishana isotopu kwenye joto kali: kinywe kinakuwa kizito, marumaru inakuwa nyepesi. Lakini tabaka nene na safi, mbali na kinywe na mipaka ya miamba mingine, linaweza kushikilia kaboni yake ya bahari hata baada ya nyuzi mamia. Chukua katikati ya tabaka. Oksijeni iache.

## Maabara na shambani

16. Nichukue sampuli kiasi gani, na wapi?

Mashine inakula chini ya miligramu moja. Wewe beba kipande cha ukubwa wa ngumi, kwa sababu utakikata, utakichunguza na utarudia. Ondoa ngozi iliyopigwa na jua na mvua. Chimba unga kwa drili ndogo, aina ile ya daktari wa meno, kwenye sehemu laini ya kijivu, si kwenye mishipa myeupe, yaani nyufa zilizojazwa na maji baadaye.

Nasema hivi kwa kuwa nimeungua. Sampuli yangu ya kwanza kabisa niliichimba mahali palipokuwa peupe na pazuri, nikapata oksijeni ya −14‰, nikakimbia kumwonyesha msimamizi wangu. Alitazama jiwe, si karatasi. "Mwanangu," akasema, "hapa umepima mshipa."

17. Mashine hupimaje jiwe?

Haipimi jiwe, hupima hewa. Unga humwagiwa asidi nzito ya fosforiki isiyo na maji, mbinu aliyoieleza McCrea mwaka 1950, na hewa ya ukaa inayotoka huingizwa katika spektromita ya masi. Humo molekuli hupindishwa na sumaku na kutenganishwa kwa uzito: 44 ndiyo ya kawaida, 45 mara nyingi ina kaboni-13, 46 ina oksijeni-18. Katika oksijeni tatu za kabonati, mbili tu ndizo zinazotoka na hewa hiyo, hivyo kuna marekebisho yanayotegemea joto la asidi na aina ya madini. Ukiituma dolomiti bila kusema ni dolomiti, watairekebisha kama kalsiti.

18. Maabara moja imenipa −8 na nyingine +22.7 kwa oksijeni ya jiwe lile lile. Nani kakosea?

Hakuna. Ya kwanza imetumia VPDB, ya pili VSMOW, sifuri inayotokana na maji ya bahari. Zidisha −8 kwa 1.03091 kisha ongeza 30.91: 22.66. Soma kichwa cha safu kabla ya kuwapigia simu.

## Kesi za pembeni

19. Lava ya Oldoinyo Lengai ni kabonati. Nayo inasema habari za bahari?

Haisemi. Oldoinyo Lengai ndiyo volkano pekee hai duniani inayotapika lava ya kabonati, na kaboni yake ni ya vazi la dunia, lile tabaka nene chini ya ganda la dunia, karibu −6 hadi −7‰. Haijawahi kuonja bahari. Miamba ya Panda Hill kule Mbeya ni ya ukoo huo huo, ingawa ni ya kale zaidi. Ukikuta "chokaa" karibu na volkano ya kale ikiwa na kaboni ya −6 na oksijeni ya +7 hadi +9 kwa VSMOW, usitafute visukuku.

20. Basi isotopu za kaboni haziwezi kabisa kunipa umri?

Peke yake, hapana. +5‰ imetokea mara nyingi katika historia. Lakini ukiwa na mfululizo mrefu wa sampuli, mita kwa mita, umbo la mstari linaweza kulinganishwa na umbo linalojulikana kwingine, kama unavyotambua wimbo kwa kuusikia vipande kadhaa na si noti moja. Mporomoko wa mwisho wa Permi, miaka milioni 252 iliyopita, hutambuliwa hivyo katika nchi nyingi. Utahitaji kisukuku au majivu ya volkano mahali fulani kukupa nanga. Strontiamu nayo husaidia.

21. Nimepata −45‰ kwa kaboni. Mashine imeharibika?

Pengine haijaharibika. Vijidudu vinavyokula methani chini ya bahari hutengeneza chokaa kutokana na kaboni nyepesi kupita kiasi, na −45 ni ya kawaida hapo. Rudi shambani uangalie kama tabaka ni kibonge kilichojitenga badala ya karatasi ndefu.

22. Vile vinundu vyeupe vya udongoni, kama vya Turkana na Oldupai, vinahesabika?

Vinahesabika, lakini vinasoma habari nyingine. Vilijengeka ndani ya udongo, hivyo kaboni yao inatoka kwenye pumzi ya mizizi. Mahali penye miti tu, kinundu huwa karibu −12‰. Mahali pa nyasi za tropiki, ambazo ni ndugu wa mahindi katika usanisinuru, hupanda hadi karibu +2‰. Thure Cerling na wenzake wametumia vinundu hivyo kukadiria kivuli cha miti katika makazi ya mababu wa binadamu Afrika Mashariki kwa miaka milioni 6 iliyopita. Usivichore pamoja na chokaa ya bahari.

23. Kuna njia ya kujua joto bila kukisia maji?

Ipo. Badala ya kuhesabu ni kaboni-13 ngapi na oksijeni-18 ngapi, unahesabu ni mara ngapi hizo nzito mbili zimekaa katika molekuli moja, uzito wa 47. Zikiwa baridini hupenda kukaa pamoja zaidi, na jambo hilo halitegemei maji yalikuwaje. Mbinu ilitangazwa mwaka 2006 kutoka kundi la John Eiler, California. Ubaya wake: hutaka sampuli zaidi na muda zaidi wa mashine, na mwamba ukikaa muda mrefu kwenye joto la zaidi ya nyuzi 100, nzito hizo huanza kupangana upya bila hata tone la maji.

24. Mimi ni mchimbaji. Itanisaidia kupata madini?

Mara chache, na kwa namna moja. Maji ya moto yaliyoleta madini ndani ya chokaa huiacha oksijeni imeshuka kuzunguka njia yalimopita, hata pale ambapo jiwe kwa macho halina kitu. Ukipima kila baada ya mita kadhaa, unaweza kuona kivuli hicho kikizidi kadri unavyokaribia. Ule udhaifu wa swali la 11 hapa ndio unaotafutwa. Lakini itakugharimu sampuli nyingi, na kivuli cha maji ya moto hakisemi kama yalikuwa na dhahabu au yalipita mikono mitupu.